Kipimo cha Mguu wa Kulia

Saint-Josse, Bruxelles
12 Novemba 2023

Mjomba wangu Amissi,

Asalaam alaykum. Hujambo? Iddi mwanao hajambo? Na dada Mauwa na pilikapilika zake za harusi ya bintiye je? Nakusalimu mapema kabisa, maana ukishaona kilichomo kwenye boksi utaisahau barua. Mimi na binti yangu Imani tu wazima. Ametimiza miaka tisa na ameanza kunisahihisha Kifaransa mbele za watu. Bon, nameza tu.

Barua anakuletea Fahad, mwenye duka la simu hapa mtaani kwetu, mtoto wa avenue ya tisa huko Buyenzi. Anakuja kwenye harusi ya Latifa. Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu yako inakaa mfukoni mwa Iddi, na nikipiga nasikilizwa na nyumba nzima, mpaka jirani ananiagiza mkoba. Karatasi ni yako peke yako. Ila Fahad ana mdomo, mjomba. Usimsikilize kila anachosema.

Kwenye boksi mna viatu. Ngozi halisi, vyeusi, ncha imechongoka, vinang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Nimevinunua duka moja la Etterbeek wanakonunua watu wa ofisi za Ulaya, wale wanaotembea na kadi shingoni. Namba arobaini na mbili, si ndiyo? Nakumbuka tangu nilipokuwa nakupigia kiwi. Siku ya harusi sitaki kusikia umevaa makubazi yako. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, wewe ndiye utakayesimama mbele. Watu waone kwamba mpwa wako yuko Ulaya na ana kazi ya maana.

Kazini salama. Hospitali ni ileile na wagonjwa hawaishi. Jumatano na Alhamisi natoka nje ya mji, kusini kwenye milima, kuna vijiji tunavihudumia. Huko baridi imeshaanza kufanya fujo.

Nakubusu mkono wako wa kulia.
Zaituni


Buyenzi, Bujumbura
3 Januari 2024

Mpwa wangu Zaituni,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua imefika, boksi limefika, na Fahad amefika na mdomo wake wote. Sisi hatujambo. Imani mwambie babu yake anasema Kifaransa cha mama yake kilitosha kumvusha bahari, amheshimu.

Ewe mtoto, umeniletea makuu. Harusi ilifana. Latifa alilia pale pale panapotakiwa kulia, akanyamaza picha zilipoanza. Wali ulitaka kutupungukia kabla wazee wa bwana harusi hawajala, lakini Mauwa alikuwa ameficha sufuria moja chini ya kitanda, unamjua dada yako. Viatu vilinikaa vizuri sana. Nilivivaa asubuhi, sikuvivua hadi magharibi, nikasimama kupokea wageni kama ulivyotaka. Imamu akaniuliza, mzee Amissi, hivi ni vya wapi? Nikamwambia ni vya daktari wangu wa Bruxelles. Akavitazama muda mrefu.

Sijakwambia: cherehani nimemwachia Iddi. Mimi siku hizi nashona vifungo na pindo kwa mkono, nimekaa mkekani. Ni raha tu, macho nayo yanataka kupumzika.

Halafu nina swali. Kuna mzee mmoja hapa mtaani, rika langu, ana sukari. Alivaa kitu kikambana, sasa ana kidonda pembeni ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, na anasema hakisikii kikiuma. Anakifunga kitambaa, jioni anakiosha kwa maji ya moto na chumvi. Je, afanyeje? Nimeona nikuulize wewe. Pengine huko mambo ya miguu unayajua.

Usiache kuswali kwa sababu ya baridi. Najua visingizio vyako.

Mjomba wako,
Amissi


Saint-Josse, Bruxelles
28 Januari 2024

Mjomba wangu,

Asalaam alaykum. Nimefurahi hadi Imani akaniuliza nimepata nini. Picha za harusi Mauwa alinitumia, lakini za kwako zote zimekatwa magotini! Mpiga picha huyo hajui kazi. Sisi tu wazima, ila Imani ana mafua, na mimi mgongo kidogo.

Huko milimani theluji imefika magotini, mjomba. Gari letu dogo lilikwama Jumatano, tukashuka tukasukuma, mimi na ushungi wangu na koleo mkononi. Wazee wa kijiji kimoja wanakusanyika kwenye ukumbi wao karibu na kanisa. Wanakuja na mabuti yamelowa, wanajikokota kwenye barafu. Mama mmoja aliteleza mlangoni kwake akateguka kifundo cha mguu, kikavimba kama embe. Mzee mwingine, mfugaji wa ng'ombe, aliweka miguu yake karibu na jiko la kuni ipate joto. Wayo ukaungua na yeye anasoma gazeti, hana habari, kwa sababu sukari imemla hisia. Harufu ndiyo iliyomshtua. Alidhani ni mbwa.

Kuna wanawake tunafuatana nao, kazi yao ni kuosha miguu ya wazee hao, kukata kucha, kukwangua sugu, kufunga vifundo. Kila mtu na riziki yake. Mimi nasimamia upande wa hospitali.

Kuhusu mzee wako wa mtaani: mambo ya miguu si idara yangu, mjomba. Mwambie aende zahanati, watamwangalia.

Iddi asiichezee hiyo cherehani, namjua anavyokanyaga. Na vile viatu usiviweke kabatini, vaa, viatu ni vya kuvaliwa!

Mwanao,
Zaituni


Buyenzi, Bujumbura
8 Machi 2024

Mpwa wangu Zaituni,

Wa alaykum salaam. Tunangoja mwezi, mtondo au mtondogoo tutafunga inshallah. Mauwa anakusalimu, Latifa ameanza kutapika asubuhi, wanawake wanacheka, nami najifanya sielewi.

Yule mzee ameshapata nafuu. Usijali.

Mimi naswali nyumbani siku hizi. Msikiti umekuwa mbali.

Uwe na funga njema.

Amissi


Saint-Josse, Bruxelles
14 Aprili 2024

Mjomba,

Asalaam alaykum. Leo nitasalimu kwa kifupi, unisamehe. Barua yako ya mwezi wa tatu imenifikia juzi tu. Aliyekuja nayo aliisahau kwenye koti, koti likaenda kwa dobi. Nimeisoma na wino umetambaa, lakini mstari mmoja ulikuwa safi kabisa: msikiti umekuwa mbali.

Mjomba, msikiti uko hatua arobaini kutoka mlangoni kwako. Nilizihesabu nikiwa mtoto.

Halafu Iddi akanitumia picha ya Idd. Wote mmesimama, wewe umekaa. Kanzu umeivuta hadi chini, na chini yake limetokea kubazi moja, la kushoto. Upande wa kulia hakuna kitu, kuna kona ya kitambaa. Nikarudi kwenye barua zako nikazisoma kama ninavyopaswa kusoma. Cherehani umemwachia Iddi ili macho yapumzike, nawe unashona vifungo! Vifungo vinataka macho kuliko pedeli. Picha za harusi zimekatwa magotini, viatu mguuni mwako sikuwahi kuviona. Na mzee wa rika lako, mwenye sukari, aliyevaa kitu kikambana.

Nimekupigia mara nne. Mara mbili Iddi anasema umelala, mara moja ulisema husikii vizuri, mara ya nne ukakata.

Bon. Sasa mimi.

Mimi si daktari, mjomba. Simsimamii mtu yeyote. Wale wanawake niliokuandikia, ni mimi. Nilisomea hapa, nina cheti, na kazi yangu ni kutunza miguu ya wazee. Jumatano na Alhamisi napiga magoti kwenye ukumbi wa kile kijiji, naweka mguu wa mtu juu ya paja langu. Yule mfugaji wa ng'ombe, wayo wake nimeufunga mimi, wiki saba, hadi ukapona. Anaitwa Monsieur Albert. Siku za theluji anakaa dirishani kunisubiri.

Kwa nini nilificha? Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa kwenye sherehe mtaa wa Ganshoren, wanawake wa kwetu wamekaa, mmoja akasema kuna watu wametoka Bujumbura na heshima zao, kumbe wamekuja kuosha miguu ya wazungu. Wakacheka. Nami nikacheka, tena nikacheka kwa sauti. Tangu siku hiyo nikawa wa hospitali. Naona haya, mjomba. Naona haya sana, na si kwa sababu ya kazi.

Uliponiandikia habari za yule mzee nilijua jibu lote kabla sijamaliza mstari. Kidonda kisichouma ndicho kibaya. Maji ya moto ni sumu kwa mguu usiosikia. Nilijua, na nikakuandikia si idara yangu, ili usije ukaniuliza nimejuaje. Nilikuandikia hivyo mikono yangu bado inanuka dawa ya miguu.

Na viatu. Wewe ndiye uliyewahi kumrudisha mama mmoja wa bibi harusi aliyekuletea vipimo vya bintiye kwa mdomo. Ulimwambia, mlete mwenyewe nimpime. Mimi napima kila mguu unaokaa mbele yangu, urefu, upana, hadi urefu wa kidole. Wako nikautumia kiatu kwa kukisia, kwa ajili ya kung'aa. Viatu vipana, laini, visivyo na mshono ndani, ninavyo kazini rafu nzima. Nilidhani vitakuaibisha. Uongo: nilidhani vitaniaibisha mimi.

Sasa nisikilize, hii ni idara yangu. Acha maji ya moto na chumvi. Usiuweke mguu karibu na jiko. Usikate kitu kwa wembe. Usitembee peku hata kwenda kutia udhu. Nenda hospitali kesho, siyo keshokutwa, wapime sukari na wautazame mguu wote, katikati ya vidole pia. Barua hii anakuja nayo Nday, mwenzangu wa kazi, anakwenda kwao Uvira na atapitia kwako kwanza. Nimemwomba asiondoke mpaka uisome. Sijamwambia Iddi. Nakupa siku moja tangu Nday afike, halafu nitamwambia, hata ukinikasirikia maisha.

Mjomba, nionyeshe mguu.

Zaituni


Buyenzi, Bujumbura
5 Mei 2024

Zaituni,

Wa alaykum salaam.

Nday alifika Jumatatu. Akanipa barua, akakaa. Nikamwambia karibu tena, akasema maman Zaituni amenikataza kuondoka. Nikaisoma mbele yake, mara mbili. Kisha nikamwita Iddi, nikafungua kitambaa. Iddi ni mtu mzima ana ndevu, alilia.

Jumanne tukaenda. Wamekata viwili, kidole kidogo na jirani yake. Daktari anasema mguu utabaki. Anasema ningechelewa wiki mbili nyingine tungekuwa tunazungumza habari za goti. Nimesharudi nyumbani, natembea kwa fimbo ukumbini. Sukari ninayo miaka mitatu, na hilo nalo nililificha, Mauwa alinigombeza kule wodini hadi wagonjwa wenzangu wakaomba radhi kwa niaba yangu.

Sikuhisi chochote siku ya harusi. Nilipovua kutia udhu wa magharibi, soksi ilikuwa imeshikana na kidole. Nikaona damu, nikatazama mkekani nione imetoka kwa nani. Nikafunga, nikaswali. Unajua tunavyosimama safuni, mguu wangu na mguu wa jirani vinagusana. Mwezi wa pili nikaanza kunuka. Siku ya kwanza jirani alisogea kidogo. Siku ya pili alihamia safu ya nyuma, mtu tuliyesoma naye. Nami sikurudi tena msikitini.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Usinifanye mimi mtakatifu na wewe mkosaji.

Fahad aliniambia. Siku ileile aliyoleta boksi, kabla ya harusi. Aliniambia kwa kujivunia, mzee, huyu Zaituni wako wazee wa milimani hawataki kuguswa miguu na mtu mwingine. Kwa hiyo nilijua. Na bado siku ya harusi nilimwambia Imamu viatu ni vya daktari wangu. Nilijua na nikasema. Kumbe haya yako na yangu ni nguo moja, nimekushonea mwenyewe.

Basi mguu ulipoharibika nikasema nimfungulie mlango. Nikamzua yule mzee. Nikakuandikia, pengine huko mambo ya miguu unayajua. Nilidhani utanijibu, ndiyo, mjomba, nayajua, ndiyo kazi yangu. Nikasubiri wiki tano. Ukanijibu si idara yako. Nikasema basi, kama hata kuitaja miguu ya watu anaona haya, huu wangu unaonuka nitamwonyeshaje?

Sikuandiki ili uumie. Ila umeumia, najua, na mimi pia. Viatu viko chini ya kitanda, Mauwa anataka kuvichoma. Nimemkataza.

Amissi


Saint-Josse, Bruxelles
26 Mei 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Nimelia siku mbili, Imani akaninyang'anya barua akaificha. Nilipoipata niliisoma tena pale ulipoandika kwamba ulinifungulia mlango. Sina la kujitetea. Uliniuliza wazi, nikakufungia. Vidole viwili, mjomba.

Jumapili tulikuwa Ganshoren tena, akika ya mtoto. Yule mwanamke alikuwepo. Nikasimama na sahani yangu nikasema, mimi kazi yangu ni miguu ya wazee, mjomba wangu amekatwa vidole kwa sababu niliona haya kumwambia. Hakucheka mtu. Jumatatu yuleyule mwanamke alinipigia. Mama yake ana kidonda kisigino, amekificha tangu Ramadhani. Nimekwenda, nimekifunga.

Ndani ya bahasha mna karatasi mbili kubwa. Kidonda kikishakauka na daktari akikuruhusu, simama juu yake wima, uzito wote, si kwa kukaa. Mtu ashike kalamu wima, auzungukie mguu, kila mguu na karatasi yake. Kule kijijini kuna fundi wa viatu, mzee, anawashonea wagonjwa wangu. Nimemweleza. Amesema hataki namba, anataka mguu wenyewe.

Nikasema nina mjomba anaongea hivyohivyo.

Zaituni


Buyenzi, Bujumbura
23 Juni 2024

Mpwa wangu Zaituni,

Wa alaykum salaam warahmatullah wabarakatuh. Idd imepita salama. Latifa tumbo limeanza kuonekana. Mauwa ananipimia wali kwa kikombe, nateseka. Iddi ameharibu cherehani kama ulivyotabiri, nimemfukuza kwenye kiti, nimerudi mwenyewe. Nakanyaga kwa mguu wa kushoto. Mishono inapinda kidogo, wateja wananivumilia.

Msikitini nimekwenda, na soksi na fimbo. Nilitandika mkeka wangu mwisho wa safu, kando. Yule jirani yangu alikuja akasimama pale pale, mguu wake na wangu. Sijui kama amenisamehe au nimemsamehe. Tuliswali.

Karatasi hizi hapa. Wa kushoto hauna neno. Wa kulia, Iddi ndiye aliyeshika kalamu. Alipofika penye vidole alitaka kuvichora vyote vitano, alivyovizoea, akisema barua inakwenda Ulaya, fundi ataionaje. Nikamnyang'anya kalamu. Sehemu hiyo nimeichora mwenyewe, nimeinama, ndiyo maana mstari unatetemeka. Lakini ni sahihi, nimepima na futi mara mbili na vipimo nimeviandika pembeni.

Jumatano ukienda kijijini, mpe fundi. Akikuuliza ni mguu wa nani, mwambie.

Mjomba wako,
Amissi